Asilimia Mia ya Shule ya Kwanza

Jumatatu, 2 Februari

Kikao kwa Pasta Nkulu. Mvua kubwa, paa la bati, nusu ya maneno hayakusikika. Nusu iliyosikika ilikuwa mbaya.

Kanisa letu lina shule nne za msingi hapa Kolwezi. Hazina majina ya watakatifu, zina namba tu. Mimi, Gaston Kabemba, ni directeur, yaani mkuu, wa Shule ya Kwanza. Ya kwanza kujengwa. Kwa matokeo ni ya nne, lakini hilo Pasta hakuwa na haja ya kulisema mbele ya watu wote, tena mara mbili.

Uamuzi ni huu. Madarasa ya sita ya shule zote nne yatafanya mtihani mmoja tarehe 20. Shule zitapangwa kwa asilimia ya waliofaulu; itakayoshika mkia itafungwa, na watoto wake wataenda kwa jirani. Walimu hawatoshi, vitabu havitoshi, shule nne zimekuwa nyingi. Mtihani utafanywa saa saba mchana, kwa ombi la Mama Laurentine. Sikupinga. Mdomo wangu ulikuwa umejaa karanga.

Karanga zilikuwa zake. Laurentine ni directrice wa Shule ya Tatu, mshindi wa mwaka jana. Alileta bakuli la kikao chote, alivyosema, lakini akaliweka mbele ya Pasta. Nilikula nyingi ili kumkomesha.

Shule ya Kwanza nilisoma mwenyewe. Jina langu limechongwa kwenye dirisha la darasa la tatu, na nilichapwa kwa ajili hiyo. Wakiifunga, mi nitakuwa nani? Gaston tu. Kolwezi imejaa Gaston.

Jumanne, 3 Februari

Sikulala vizuri. Karanga.

Nimefikiri sana juu ya watoto wangu wa shule. Nilipoanza kazi, baba za wanafunzi walikuwa makarani wa kampuni ya madini, na watoto walikuja na soksi. Siku hizi wa namna hiyo ni wachache. Wengine wametoka Kasai, Kapanga, hata mkoa wetu wa Tanganyika, wameletwa na wazazi wanaochimba shaba na kobalti kwa mikono. Shimo jipya likifunguka upande wa Kingamyambo, mabenchi mawili ya darasa langu yanahamia huko. Shimo likifungwa wanarudi, na mtoto amekwisha sahau kugawanya.

Tena wanasinzia. Saa mbili asubuhi, vichwa juu ya meza! Najua kwa nini. Huyu aliamka gizani kuchota maji ya kuuza. Yule ametoka mtoni kuosha mawe ya madini na mama yake. Moyo unaniuma nikiwatazama, nasema kweli. Lakini karatasi ya mtihani haiulizi nani aliamka saa ngapi.

Jioni, katikati ya kuoga, nikapata wazo. Asilimia! Asilimia ni kugawanya tu. Juu unaweka waliofaulu, chini unaweka wote. Kuongeza wa juu kwa muda mfupi hivi, wapi! Kupunguza wa chini, kazi ya siku chache. Nilitoka na sabuni masikioni. Huguette, mke wangu, aliuliza ninacheka nini. Nilimjibu kwamba ni mambo ya ualimu.

Jumatano, 4 Februari

Kazi imeanza. Wanaosinzia watahamia kwa Laurentine, kwa hiari ya wazazi wao. Wataanguka kule, si kwangu. Yeye anashuka, mi napanda. Safi kabisa.

Na sababu ninayo. Tangu Septemba Laurentine ana darasa la mchana, kwa watoto wenye kazi asubuhi. Nilimcheka sana wakati ule, nikasema mchana Mungu aliuumba kwa ajili ya kupumzika. Leo nimezunguka nyumba kwa nyumba nikilisifu darasa hilo. Nimesema Mama Laurentine ni mwalimu wa ajabu. Nimesema kule watoto hawasinzii. Nimesema kuhama si kufukuzwa. Taya zinaniuma hadi sasa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Tata Kanku, mchimbaji kutoka Kasai, kijana bado, viganja vimepasuka. Alinisikiliza amesimama, kofia mkononi. Kisha akasema hajawahi kuona directeur anayemjali mtoto wa mwingine hadi kumtafutia shule isiyo yake. Alitaka kunipa kuku. Nilikataa. Njiani nilijisikia vibaya kwa sababu ya maneno yake, na nilipokaribia nyumbani, kwa sababu ya kuku.

Ijumaa, 6 Februari

Leo ilikuwa zamu ya Mama Mapasa. Kwetu Waluba mama wa mapacha anaitwa hivyo, jina lake lingine sijui kama kuna anayelikumbuka. Anauza mikate ya mafuta karibu na lango la shule yangu. Binti zake, Mbuyu na Kabange, wako darasa la sita.

Sura moja, lakini vichwa mbalimbali. Mbuyu hubaki nyumbani alfajiri kulinda mtoto mdogo, analala usingizi wake wote, na darasani anajibu kabla mwalimu hajamaliza kuandika. Ni mwanafunzi wangu bora kwa miaka mingi. Kabange ndiye anayeamka na mama yake kukanda unga na kukaanga. Anasinzia juu ya daftari, shavu lina wino.

Nilimwomba amhamishe Kabange tu. Mama Mapasa aligeuza mikate yake muda mrefu. Kisha akauliza kama ni kwa faida ya mtoto. Nikasema ndiyo, sana. Akasema aksanti, Jumatatu ataenda. Akanipa mikate mitatu. Hiyo sikukataa, somo la kuku limeniingia.

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi nzuri! Wanaosinzia wote wamekwenda. Nilipita darasa la sita nikajisikia niko shule ya watoto wa mabalozi. Macho wazi, soksi.

Kisha nikaona nafasi ya Mbuyu. Tupu.

Nilikimbia hadi langoni, tai begani. Nilimwuliza Mama Mapasa kama Mbuyu ni mgonjwa. Aliniangalia kama anamwangalia mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanalowanisha.

"Tata Directeur, balifika pamoya, banakula pamoya, banavaa kitambaa kimoya. Ulifikiri nitaachanisha mapasa juu ya shule?"

Na mi ni Muluba! Mama yangu aliimba nyimbo za mapasa hadi sauti ikakatika. Ukimnunulia mmoja viatu, unamnunulia na mwingine. Ukimpiga mmoja, wote wawili wanalia. Ukiwatenganisha, mmoja anaugua, ndivyo tulivyokuzwa. Yote haya nayajua tangu tumboni. Siku ile ya kugawanya, hata moja halikunijia kichwani.

Nikasema basi warudi wote wawili, Kabange pia, nampenda sana Kabange. Haikuwezekana. Amekwisha kumwahidi Mama Laurentine, na Mama Laurentine amewapa mapacha benchi lao wenyewe, karibu na dirisha. Yule mwanamke anafikiria kila kitu, inachosha.

Jumatano, 11 Februari

Mwalimu Naomie wa darasa la kwanza amekuja ofisini kuuliza kama kuna ugonjwa shuleni ambao yeye hajaambiwa. Darasa lake linakauka. Anasema akitamka "a", ukuta unamrudishia.

Nilimwambia darasa dogo ndiyo mtindo wa kisasa. Kisha nikaenda kuuliza watu. Kumbe! Mtoto mdogo haendi shule peke yake, anashikwa mkono na mkubwa wake. Mkubwa akihamia kwa Laurentine, mdogo anahama naye. Binamu anayelala nyumba ileile anahama pia. Na jirani, ambaye mtoto wake alikuwa anatembea na hao, ataachaje wa kwake atembee peke yake? Nilitoa matawi machache nikabaki nashangaa mti uko wapi.

Mchana nilienda barabarani kuona kwa macho yangu. Kati ya mtaa wetu na Shule ya Tatu inapita barabara ya malori ya madini, makubwa kama nyumba, na kwa mvua hii ni tope tupu. Laurentine alikuwa katikati ya barabara, viatu mkononi, kitambaa chekundu juu. Lori lilisimama mbele yake linapumua. Watoto wakavuka wameshikana mikono, wakubwa na wadogo. Mbuyu na Kabange walikuwa nyuma kabisa, wanacheka.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha kuuza uniti za simu hadi walipokwisha kuvuka. Niliona haya. Kwangu hawakuwa wanavuka barabara yoyote. Mimi ndiye niliyewaleta hapa. Lori moja tu likose breki, siku moja tu yule mama awe na homa. Niliomba Mungu pale pale, sala fupi, ya kweli.

Baadaye nikafikiri kwamba kitambaa chekundu ni cha kujionyesha. Nikapata nafuu kidogo.

Ijumaa, 20 Februari

Mtihani. Kila mkuu anasimamia shule ya mwingine ili tusidanganye. Laurentine alikuja kwangu, mi nikaenda kwake. Niliacha shuleni kwangu watoto tisa wa darasa la sita wenye matumbo yaliyoshiba.

Kwake walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Nilitafuta vichwa juu ya meza. Hakuna hata kimoja! Saa saba mchana, kazi zao zimekwisha, wamenawa, wamekula kidogo, macho yote kwangu. Mtoto wa Tata Kanku, ambaye kwangu nilimjua kwa kisogo, kumbe ana uso mzuri tu.

Niliona hatari. Nikasema tuanze kwa sala. Niliombea mkoa, gavana, wagonjwa, wafungwa, wajane. Niliombea reli ya Tenke itengenezwe. Dakika zao za mtihani zilikuwa zinapita, na mi ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwa wasafiri wa Musumba na ubaya wa njia yao. Nikafumbua jicho moja. Kabange alikuwa ananiangalia, kalamu tayari.

"Amina," akasema, kwa heshima kabisa.

Darasa zima likasema Amina. Ningefanya nini? Nikagawa karatasi. Kabange aliandika ametoa ulimi pembeni ya mdomo, na hakuinua kichwa hadi mwisho. Nilisimama dirishani nikimtazama muda mrefu. Miezi yote ile nilidhani mtoto huyu ni mzito. Alikuwa amechoka tu. Nilijua tangu zamani kwamba anaamka gizani, na sikufanya kitu. Kichwa kiliniuma, nafikiri ni joto.

Jumatano, 25 Februari

Asilimia mia! Mia! Shule ya Kwanza ni ya kwanza!

Laurentine themanini na nne. Watoto wangu wale wanaosinzia, wengi wamefaulu kwake, sielewi vizuri, lakini haidhuru. Mia ni mia. Nilicheza jikoni. Huguette alikunja mikono akauliza ni mia ya watoto wangapi. Nilimwambia asilimia haiulizwi swali hilo, ndiyo uzuri wake.

Akasema si yeye peke yake atakayeuliza. Ana wivu wa mafanikio yangu, huyu mama.

Ijumaa, 27 Februari

Nilivaa suti. Nilifika wa kwanza, nikakaa karibu na Pasta, na karanga nilileta mimi.

Pasta Nkulu alinipongeza. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikainama kidogo, nikaanza kusema maneno machache juu ya nidhamu. Akaniomba nikae. Alisema amepita kwenye shule yangu Jumatatu asubuhi, bila kuniambia, na alidhani ni siku ya mapumziko. Darasa moja watoto wanne. Jingine mwalimu anashona. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Ndugu Gaston, batoto bengine beko wapi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu matatu tayari: homa, mashimo mapya, uhamiaji. Laurentine akanitangulia. Nikajua nimekwisha.

"Beko kwangu, Pasta. Ni Directeur Gaston mwenyewe alibaleta, nyumba kwa nyumba. Aliona asubuhi habawezi. Alibapenda kuliko shule yake."

Hakuwa ananidhihaki. Nilimwangalia vizuri, nilitafuta hata alama ndogo ya dhihaka, sikuipata. Yule mama anaamini. Tata Kanku alimwambia hivyo, Mama Mapasa alimwambia hivyo, na yeye akaamini. Watu wote walinigeukia. Pasta alivua miwani akaifuta. Akasema amekuwa akinihukumu vibaya miaka mingi, na akaniomba msamaha mbele ya kikao.

Nilipaswa kusema kweli pale. Nilikuwa nayo mdomoni. Niliinamisha kichwa nikasema nimefanya wajibu wangu tu.

Basi ikafuata hukumu, kwa mapenzi mengi. Shule isiyo na watoto si shule, hata kama asilimia yake ni mia. Shule ya Kwanza inafungwa. Watoto waliobaki na walimu wanahamia Shule ya Tatu. Na kwa kuwa hakuna anayewajua na kuwapenda watoto wa mchana kama Gaston, Gaston atafundisha darasa la sita la mchana, chini ya Mama Laurentine.

Kukataa? Ningekataa kwa sababu gani? Ningelazimika kueleza kila kitu. Nilisema aksanti. Laurentine alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamejaa machozi. Alikula karanga zangu pia.

Nimerudi kwa kupitia shuleni. Nilikaa darasa la tatu hadi mlinzi alipotaka kufunga. Nililia kidogo. Hapa nimeandika kidogo, ilikuwa zaidi ya hapo.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nilivuka barabara ya malori pamoja na watoto, nikashikwa mkono na mtoto wa darasa la kwanza ambaye alidhani nina hofu. Hakukosea.

Kwenye Shule ya Tatu meza ya mwalimu ilikuwa bado haijafika. Nilisimama mbele ya darasa, mfuko mkononi. Nyuso zote nazijua. Nilisubiri wacheke, au wanune. Hawakucheka. Kabange akainua mkono.

"Monsieur, na weye balikufukuza kule? Ulikosa pointi?"

Nilijibu kwamba hapana, mimi nimehamishwa tu, ni jambo tofauti.

"Na siye ni vile balituambia," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Akasogea kwenye benchi, akamsukuma Mbuyu kwa kiwiko naye asogee, wakaniachia nafasi katikati yao. Darasa zima lilikuwa linangoja niketi. Nikaketi. Nilikaa pale kati ya mapacha wawili, magoti karibu na kidevu, nikitazama ubao mtupu. Hakuna aliyenicheka. Nadhani walikuwa wananipa muda, kama wanavyompa kila mgeni.

Kisha nikasimama nikafundisha kugawanya hadi saa kumi na moja. Hakuna aliyesinzia.

Sasa ni jioni na nimetulia. Nimefikiri sana juu ya yule mtoto. Ana moyo mkubwa, Kabange. Sijapata kuona mtoto mwenye moyo kama huo. Sitamsahau kamwe.

Lakini kugawanya bado kunamsumbua, na mwisho wa mwaka unakuja mtihani wa serikali. Darasa hili likianguka watasema Gaston. Likifaulu, Pasta anaweza kufikiria upya habari ya cheo changu. Nimewahesabu. Wenye shida ya kweli ni sita, labda saba. Wanasema Tenke kuna shule nzuri, ina nafasi, na Mama Mapasa ana dada yake kule.

Kesho jioni nitapita kumsalimia. Nitamweleza vizuri, bila haraka, kwamba ni kwa faida ya mtoto. Na safari hii nitamwambia wazi kwamba ni Kabange peke yake.